Chini ya Kasha la Unga

Eskiliman, 9 Machi 1987

Mwanangu Cevdet, nuru ya macho yangu,

Nakusalimu kwa salamu ya mtu aliyekaa mlangoni akimngoja mleta barua. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamikia ngazi. Hofu ni kwako, na kwa mkwe wangu Sevgi, na kwa Aylin, ambaye nasikia meno mawili yamemng'oka na mimi sijawahi kuyaona hata yalipoota. Je, huko Stuttgart bado kuna theluji? Ile fulana ya sufu unaivaa? Usiniambie ndiyo kama huivai.

Hapa tunapaka nyumba chokaa, maana wageni wa kiangazi wanakaribia. Mji usingeujua. Kila mwenye kitanda anakipangisha. Jirani yetu Melahat ametia pazia banda la mbuzi, akaliita chumba cha bahari. Nikamwambia, "Na harufu ya mbuzi je?" Akasema, "Wajerumani wamesafiri siku tatu kuifuata hiyo harufu, wewe tulia."

Chumba chako sijampa mgeni. Kila kiangazi natandika, kila vuli nakunja shuka. Huu ni mwaka wa nne. Utakuja?

Nakubusu macho yote mawili.

Mama yako

---

Stuttgart, 2 Aprili 1987

Mama yangu mpenzi,

Nabusu mikono yako. Sisi hatujambo, afya tele, na fulana naivaa. Sawa, naivaa Jumapili.

Mama, nimetoka kiwandani. Nimeajiriwa kwenye kampuni ya safari za mapumziko, kwa kuwa naijua pwani yetu na lugha zote mbili, Kituruki na Kijerumani. Sasa navaa tai, nakaa mezani, nauza bahari yetu. Ila ndiyo hivyo, kiangazi watu wakipumzika, sisi ndio tunafanya kazi. Mwaka huu sioni nafasi. Halafu mkurugenzi hataki kupeleka watu Eskiliman. Anasema nguzo za kale na ukumbi wa mawe na mchanga mweupe hata miji mingine kumi ya pwani ile inavyo. "Watu wetu," anasema, "wanataka mchanga asubuhi na historia jioni, lakini historia ambayo jirani yao hajaiona." Nilimtetea sana mji wetu, akacheka.

Labda mwakani, Mama. Aylin anakusalimu.

Mwanao Cevdet

---

Eskiliman, 21 Aprili 1987

Mwanangu, pumzi yangu,

Natumaini hii itakufikia ukiwa na afya na tai yako. Hongera, baba yako angefurahi. Barua yako nimeisoma mara tatu, kwanza kwa sababu nasoma polepole, halafu nilikuwa nalitafuta neno "nakuja," nikadhani limenipita.

Basi nikuambie jambo ambalo marehemu baba yako aliniapisha nisilitamke. Liweke kifuani. Desturi ya mji huu unaijua, tangu wazee wetu walipotoka kisiwa cha Krete wakajenga juu ya magofu ya watu wa kale: ukichimba ukakuta jiwe lenye uso, unalimwagia maziwa ya mgando, unalifukia, unasema umekuta mwamba. Huo si wizi, maana hatuuzi. Tunamwacha aliyelala alale, naye anatuacha tulale. Şükrü, shemeji yake Melahat, alichimba choo akakuta mguu wa marumaru, akajifanya raia mwema, akaenda kutangaza serikalini. Wakauchukua mguu, wakachukua choo, wakachukua na uwanja. Mpaka leo watu wanamwuliza kwenye duka la kahawa, "Mzee Şükrü, mguu haujambo?"

Sasa sikiliza. Nilipokuwa na mimba yako baba yako alivunja sakafu ya jikoni aitengeneze upya, na chini yake tukakuta picha. Vijiwe vidogo kama punje za dengu, vyekundu, vyeupe na vya buluu. Pweza, samaki wawili, na mkono wa mwanamke umeshika sahani. Mkono tu, mwenyewe amepita chini ya ukuta kuelekea kilipo chumba chako. Tulikaa kuitazama mpaka chakula kikaungua. Kisha tukamwaga mchanga laini wa pwani, tukatandaza mbao, tukatia saruji, na juu ya saruji kasha la unga. Miezi miwili baadaye ukazaliwa hapo hapo sakafuni, kwa kuwa kulikuwa na baridi na moto ulikuwa jikoni.

Njoo na Aylin. Tutasogeza kasha, nifungue ubao mmoja, nimwonyeshe mkono ule. Kisha tutafunika. Hiyo si historia ambayo jirani hajaiona?

Nabusu macho, yako na ya mtoto.

Mama yako

---

Stuttgart, 4 Mei 1987

Mama yangu,

Nabusu mikono yako, natumaini magoti yametulia.

Tunakuja. Nimeomba likizo, wiki mbili za Julai. Tangu nimsomee Aylin barua yako anachora pweza, mmoja amempa miguu kumi na moja. Mimi nimekaa miaka yote ile juu ya picha nikila mkate bila kujua, yaani siamini.

Nauliza tu nipate kuona akilini: kasha liko kona ya dirisha au ya tanuri? Nimesahau. Na picha, unakadiria ina upana gani? Rangi bado zinang'aa?

Mwanao Cevdet

---

Eskiliman, 17 Mei 1987

Cevdet wangu,

Barua yako imenikuta mzima na imeniacha mzima zaidi. Nimemwambia Melahat, nimemwambia mwuza maziwa, nimemwambia na paka. Si habari ya picha, usiogope. Habari ya kuja kwenu.

Ni kona ya tanuri, umesahauje na ndiko ulikoungua mkono. Nimepima kwa hatua, nne kwa tatu, halafu inaendelea chini ya ukuta. Rangi, ukizimwagia maji, ni kama zilitiwa jana.

Konokono nimeshawafungia kwenye pumba wajisafishe, nitawapika na siki kama upendavyo. Sevgi asipige kelele, yeye nitampikia wali na mboga za porini. Magodoro nimeyaanika. Njoo salama, usiendeshe gari kama umechoka, na mtoto avae kofia.

Mama yako

---

Eskiliman, 30 Septemba 1987

Cevdet mwanangu,

U mzima? Sema tu kwamba u mzima. Hii ni barua ya tatu. Ya Julai hukujibu, ya Agosti hukujibu, na nyinyi hamkuja. Melahat anasema kama kungekuwa na msiba tungeshasikia. Kwa hiyo naandika kwa kuamini kwamba unasoma.

Nakuandikia tena kisa chote, labda zile mbili zilipotea.

Tarehe kumi na moja Juni walikuja wanaume wanne na bibi mmoja mwenye karatasi. Nilidhani wanatafuta chumba, nikawapa kahawa. Yule bibi akanywa, akashukuru, akasema, "Mama, tunaomba tusogeze kasha la unga."

Cevdet, nyumba ina vyumba vitano. Hawakuchungulia kisima, hawakugonga ukuta. Walikwenda kona ya tanuri.

Nikasema, "Hapo ni mwamba tu." Akanijibu kwa upole, "Mwamba wenye pweza, mama?"

Walinipa siku kumi na tano za kuhama. Melahat na Şükrü walinisaidia kubeba vyombo. Şükrü hakunitania hata neno moja, na hilo liliniumiza kuliko kutaniwa. Sasa niko kwenye nyumba za ghorofa walizonipa, kule juu barabara kuu. Ghorofa ya nne. Konokono walifia kwenye pumba, nilisahau kuwaachia.

Nimekaa nikijiuliza ni nani niliyemwambia. Baba yako yuko kaburini, na mimi hata nikiongea usingizini, nalala peke yangu. Niandikie kwamba barua yangu iliibiwa posta. Nitaamini.

Mama yako

---

Stuttgart, 19 Oktoba 1987

Mama,

Nabusu mikono yako, ukinipa.

Barua haikuibiwa. Nimeanza kuandika haya mara nyingi nikachana, ndiyo sababu ya kukaa kimya.

Nilimsimulia mkurugenzi, kwa majivuno tu, aache kuucheka mji wetu. Akaniuliza iko wapi hasa. Nikakuuliza wewe, nikampelekea jibu lako. Yeye anamjua profesa mmoja, profesa akawajulisha wanaohusika na mambo ya kale huko serikalini. Mama, nilidhani watafunua, watapiga picha, watafunika, na mimi nitakuja Julai nikukute jikoni. Nilipojua wanakuhamisha niliona haya kuja.

Lakini fikiria na upande wa pili. Kile kitu ni cha dunia nzima, hakikupaswa kufichwa chini ya unga. Na sheria ni sheria. Nyumba mpya ina maji ya moto, huna haja ya kubeba kuni. Mkurugenzi ameweka picha ya yule pweza kwenye jalada la kijitabu cha safari za mwakani, na nafasi za Eskiliman zimeshauzwa mpaka Septemba ijayo. Mimi wamenipa idara nzima ya pwani ile.

Usininyamazie.

Mwanao Cevdet

---

Eskiliman, 8 Februari 1988

Cevdet,

Salamu. Mimi mzima. Maji ya moto yapo. Lifti haipo, waliiahidi.

Uliomba nisikunyamazie, haya. Jana nilishuka kuitazama nyumba. Imezungushwa uzio, paa ni la bati, na kuta zote za ndani hazipo. Tiketi anakata binti yake Şükrü. Aliinamisha uso, akasema, "Shangazi Nazire, pita tu," nikakataa asije akafukuzwa kazi. Nikatazama kutoka nje.

Wameuvunja ukuta wa chumba chako, kwa hiyo yule mwanamke ameonekana mzima. Sasa ana uso, uso wa mtu aliyeamshwa kwa kupigiwa mlango. Pembeni pana kibao. Nilikisoma polepole, jirani zangu wakipita. Kinaeleza tajiri gani alikula hapo na miaka mingapi imepita. Chini kabisa kimeandika: "Sakafu ya baadaye, isiyo na thamani ya kihistoria, imeondolewa."

Hiyo ndiyo uliyozaliwa juu yake. Nimekuandikia ujue ilipokwenda.

Mama yako

---

Stuttgart, 20 Mei 1988

Mama yangu,

Nabusu mikono yako. Sisi wazima. Nilisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Nimepata la kutenda.

Tarehe kumi Julai nakuja na kikundi chetu cha kwanza, watu thelathini, na Aylin nakuja naye. Tutalala hotelini, ni lazima kwa kazi. Nimeshazungumza na wanaosimamia pale nyumbani kwetu: watakuweka uwanjani, kando ya picha, upike mkate mwembamba kwenye bamba la chuma. Wageni wanapenda kuona mikono ikifanya kazi ya zamani. Utaingia kila siku bila tiketi. Utakuwa nyumbani, Mama, kama zamani. Kubali kwa ajili yangu.

Mwanao Cevdet

---

Eskiliman, 24 Julai 1988

Cevdet,

Natumaini mmefika salama na mtoto hakutapika ndani ya ndege. Mimi mzima, magoti yaleyale.

Nilikubali kwa ajili yako, unajua. Wamenipa suruali ya maua na kitambaa chenye shanga ambacho kwetu hakuna mwanamke aliyewahi kukivaa. Nilimwambia msimamizi, "Hizi ni nguo za wafugaji wa mlimani, sisi ni watu wa Krete." Akasema, "Mama, wageni hawajui tofauti." Nikavaa. Nikakaa mahali palipokuwa na kisima, nikasukuma unga, nikawa nageuza shingo kila nikisikia viatu.

Mlipoingia nilikuona kabla hujaniona. Umenenepa, tai imekukaa vizuri. Nilianza kuinuka, mikono imejaa unga. Ukaninyooshea kiganja namna hii, kaa. Nikakaa. Ukawageukia watu wako ukasema maneno kwa Kijerumani, wakatabasamu wote, wakaanza kupiga picha. Aylin alikuwa amekushika koti. Alinitazama, akakutazama wewe, akauliza kitu. Ukamgeuza bega, ukamwonyesha pweza.

Nilimpa mkate. Akaupokea kwa mikono miwili, akanishukuru kwa neno la Kituruki alilofundishwa kuwaambia wauza duka.

Jioni ulikuja kwangu na sanduku la chokoleti. Ulikaa saa moja, ukasifu maji ya moto, ukasema mtoto amechoka amelala hotelini. Sikukuuliza kitu, maana chai ilikuwa inapoa na nilitaka uinywe. Ukaniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kampuni haitaki wageni wadhani ni mambo ya kifamilia.

Ulipoondoka nilimwuliza binti yake Şükrü, anayejua Kijerumani cha tiketi, ulisema nini pale uwanjani. Hakutaka kuniambia. Nikamshika mkono mpaka akasema. Kumbe uliwaambia: "Huyu ni mwanamke wa hapa, anajua kazi za zamani."

Si uongo. Nimeugeuza huku na huku, nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona.

Kesho nitakwenda kupika mkate kama kawaida, na keshokutwa. Nikiacha, naingia kwa tiketi. Chumba cha pili hapa ghorofani nimekipangisha kwa mwalimu, shuka anatandika mwenyewe. Ukileta kikundi kingine, usipande ngazi hizi. Nitakuona kule kule uwanjani, nami nitakupa mkate kama wenzako.

Nazire, mwanamke wa hapa