Hisa Iliyovaa Suti

Jumanne, Mfaranyaki

Kwa hiyo nimepona, mimi na mdomo wangu.

Mzee Haule na wenzake wawili ndio pekee mjini wanaowapa mtaji mafundi wanaoanza. Tangu masharti ya biashara yalegezwe wamemwinua fundi redio, kisha mwenye banda la video, na kwa kila mmoja wamechukua hisa. Wa tatu nilitaka niwe mimi, na gurudumu langu la maji la Matogoro linalochaji betri.

Leo mzee amesoma barua yangu, akakunja uso. "Kijana, unaomba hisani? Sisi si parokia."

Nilidhani hisani ni hisa iliyovaa suti! Shule niliiacha darasa la sita.

"Shikamoo tena, mzee. Nilimaanisha hisa. Nawauzia sehemu ya mtambo, msinihurumie."

Akacheka mpaka kofia ikadondoka, akawageukia wenzake. "Marahaba! Kuandika hajui, kuuza anajua."

Wamekubali. Niliogopa sana kurudi Mshangano kumlimia baba, ila hilo simwambii mtu.

Mzee ametia saini mkataba, na mbele ya jina langu ameandika "mbia". Hilo neno sihitaji kuuliza maana yake.