Kombe la Ridhaa Nimelirudisha

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Goti linasemaje? Dada Nakijwa aliniambia siku hizi unashuka mwenyewe hadi kwenye majaruba ya mpunga. Nimefurahi, ila nakuomba usipite njia ya mfereji ikiwa na tope. Mvua za vuli zimeshafika Maore, au bado mnatazama tu mawingu yakikaa juu milimani Gonja? Mimi mwili ni mzima. Huku Finland majani yamekwisha kudondoka, na asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa baridi. Kazi yangu kwenye nyumba ya wazee inaendelea.

Ningeweza kupiga simu. Lakini najua ungeanza kuniuliza kama nimekula, nami ningejibu hayo, tukacheka, nikakata bila kusema. Kwa hiyo naandika, na barua naituma shuleni kwa dada Nakijwa, Ndungu, akuletee mkononi na kukusomea. Mama, ile picha niliyoshika kombe, uliyoitundika sebuleni karibu na ya marehemu Baba, iondoe. Kombe halikuwa haki yangu. Nimelirudisha.

Unaukumbuka mchezo wenyewe, maana ulinicheka: "Watu wazima na akili zao wanarusha visahani porini?" Ndiyo huo. Unarusha kisahani cha plastiki katikati ya miti mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo, na anayetumia mirusho michache ndiye mshindi. Aliyenifundisha ni Tuomas, fundi magari, mtu mzima mwenye wajukuu. Gereji yake iko jirani na tunakofanyia kazi. Mwaka wangu wa kwanza hapa, nilipokuwa sina mtu wa kuongea naye zaidi ya wagonjwa, alinikuta nimesimama nikiwatazama watu wakicheza, akanipa kisahani bila kuniuliza chochote. Tangu hapo kila Jumamosi alinipitia na gari lake.

Sasa sikiliza sheria, kwa sababu jambo lote liko hapo. Kuna wachezaji wa ridhaa na wachezaji wa kulipwa. Wa ridhaa wakishinda hupewa kikombe, visahani, pengine begi. Wa kulipwa hupewa fedha. Mtu wa ridhaa anaruhusiwa kuingia kundi la kulipwa akajipima, lakini akifika nafasi ya zawadi anaulizwa: unapokea au unakataa? Akikataa, anabaki wa ridhaa. Akipokea, hata kama ni kidogo, tangu siku hiyo ni mchezaji wa kulipwa, na mashindano ya ridhaa hawezi kuingia tena.

Mwezi wa tano nilikwenda peke yangu kwenye mashindano ya mji mmoja mdogo. Kundi la ridhaa lilikuwa limejaa, nikaandikishwa na wa kulipwa. Siku hiyo mkono ulinikubali, nikaingia kwenye zawadi. Mama mmoja aliyekuwa kwenye meza ya zawadi aliniuliza taratibu, ili nielewe, "Elinami, unapokea? Unajua maana yake?" Nikasema najua. Nikapokea bahasha, nikatia sahihi.

Sikuwa na shida ya fedha, Mama, usije ukajilaumu kwamba ni kwa ajili yenu. Nitakwambia ukweli wake. Tangu nifike nchi hii nalipwa kwa kuwaosha na kuwageuza wagonjwa, na mshahara unaingia benki kimyakimya. Siku ile watu walisimama, jina langu likatajwa vizuri, nikashikwa mkono na kupewa bahasha. Niliitaka ile bahasha.

Niliporudi nyumbani nilingoja jina langu libadilishwe kwenye daftari la chama cha mchezo. Halikubadilishwa. Sijui ni karatasi ilipotea au mtu alisahau. Wiki zikapita, bado nimeandikwa wa ridhaa. Nikanyamaza. Mwezi wa nane yakaja mashindano ya ridhaa ya mkoa, nikajiandikisha.

Nilishinda kwa mrusho mmoja. Wa pili alikuwa Tuomas.

Amelitafuta kombe lile zaidi ya miaka ishirini. Mrusho wake wa mwisho uligonga mnyororo ukatoka, na watu wote wakashusha pumzi. Alikuja akanikumbatia mbele yao akasema, "Kama si mimi, basi nilitaka uwe wewe." Nami nikanyanyua kombe nikapigwa picha. Ndiyo hiyo iliyoko ukutani kwako.

Wiki iliyofuata ulinipigia ukiwa na furaha mno. "Mchungaji kakutaja kabla ya sadaka," ukasema. "Nikasimama, usharika mzima wakapiga makofi." Nilikwambia nina mgonjwa wa kuhudumia. Sikuwa naye. Nilikwenda nikakaa kwenye chumba cha kufulia mashuka.

Kilichonifanya niseme si ujasiri. Mshindi wa mkoa hupelekwa mashindano ya taifa, na lazima mchezaji mwenzake amdhamini kwa maandishi. Tuomas alijitolea. Tulikuwa ofisini kwake gerejini, amevaa miwani, anajaza fomu kwa maandishi yake ya polepole. Akafika mahali akasoma kwa sauti, "Je, amewahi kupokea fedha taslimu katika kundi la kulipwa?" Akasema, "Naandika hapana."

Nikasema, "Usiandike."

"Nisiandike nini?"

"Usiandike hapana."

Akavua miwani. Nilimweleza yote, hata habari ya daftari, hata kwamba nilijua. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Siku ile nilipokukumbatia ulikuwa unajua?" Nikaitikia. Akakunja fomu, akaiweka kwenye droo, akasema, "Chama utawapigia wewe au niwapigie mimi?"

Niliwapigia mwenyewe kesho yake asubuhi. Wameninyang'anya ushindi, wamenifungia mwaka mzima, na daftarini wameniandika mchezaji wa kulipwa kuanzia siku niliyotia sahihi. Kuna njia ya kuomba kurudishwa ridhaa. Sitaiomba. Nilipokea nikiwa na akili zangu.

Kombe walimpelekea Tuomas. Nilidhani hapo mambo yatakuwa yamekaa sawa, lakini nilipokwenda kumpongeza alinionyesha lilipo, juu ya kabati, katikati ya makopo ya oili. "Nilitaka kulishika siku ile," akasema, "mke wangu akiwa pale, na wajukuu. Sasa nimeletewa na mtu wa vifurushi." Hilo, Mama, sina namna ya kulirudisha. Jumamosi zilizofuata hakunipitia.

Nina ombi zito. Najua nakuaibisha, na najua wewe ndiye uliyesimama kanisani, si mimi. Mweleze Mchungaji. Nisingependa watu waendelee kunishukuria Mungu kwa kitu nilichokipata kwa kuficha. Kama unaona vigumu kusema, mpe barua hii aisome, na asiruke mahali. Wakikuuliza nani kamfundisha mwanao hivyo, waambie hakuna aliyenifundisha. Na kama utataka kunikasirikia, Mama, nikasirikie, ila usiache kupokea simu yangu.

Juzi Tuomas alinipigia. Mlango mmoja mkubwa wa gereji ulikuwa umeng'oka, anahitaji mtu wa kushika upande wa pili. Nikaenda. Tulifanya kazi kwa muda wa karibu saa mbili bila kuutaja mchezo. Nilipokuwa navaa koti akaniuliza, "Mama yako umeshamwambia?"

"Bado."

"Mwambie," akasema. "Halafu uje, mlango wa pili nao umelegea."

Nisalimie Mjomba anayesimamia zamu za maji. Nimesikia mwaka huu mmegawana bila ugomvi, mpe hongera. Msalimie Shangazi wa Kihurio, mwambie makande yake nayaota. Yule jirani fundi baiskeli, aliyeiweka picha yangu kwenye simu yake na kumwonyesha kila mteja, umweleze wewe mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine. Nakijwa mwambie asikufiche habari kwa kukusomea nusu; najua atajaribu. Watoto wake wabusu wote.

Kaa na amani, Mama, na goti ulifunge kitambaa asubuhi. Nikishaitia barua hii posta naelekea gerejini.

Ni mimi mwanao,
Elinami