Kubadhi la Kushoto

Darsait, Maskati
Jumanne, baada ya alasiri

Kwako dada yangu Kheiria,

Nakushika miguu, dada, na lau ningekuwa karibu ningekaa hapo chini kwenye mkeka wako nikusumbue mpaka unitie chai. Vipi hali yako? Vipi goti, bado linakulalamikia ukipanda ngazi za hapo Kikwajuni? Na shemeji yangu, ameacha chumvi kama alivyoambiwa na daktari, au bado anakula kwa kujificha? Sisi huku alhamdulillahi. Joto ndilo limetukalia, ukitoka nje saa sita unahisi kama mtu kakufungulia mlango wa tanuri usoni. Ghadeer anakusalimu sana. Mazoon naye anasema "aghuu", ndiyo salamu pekee anayoijua, na mimi nimeamua kuwa ni yako.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na hali simu iko mkononi kila siku. Dada, kwenye simu wewe unanijua. Nikivuta pumzi tu ushajua nataka kusema uongo. Sleyum, mwenzangu wa kazini, anasafiri Alkhamisi kuja kwenye harusi ya mpwawe, nimemwomba barua hii akutie mkononi. Kaa chini uisome. Hakuna msiba humu, nakwambia mapema usije ukatafuta kanga ya kujifunga kichwani.

Unajua mimi ni mtu wa khofu tangu utotoni. Wewe ndiye uliyekuwa unanirudisha kitandani nikiamka kwenda kutazama kama mlango umefungwa. Sasa mtu kama huyo kapewa mtoto akiwa na miaka arubaini na moja. Mtoto mwenyewe ana utosi laini unaopiga kama moyo, na kila mtu anakwambia usiogope! Wiki za mwanzo nilikuwa nikimsogezea miwani yangu puani nione kama kioo kinaingia ukungu. Ghadeer alinikuta mara nyingi hata akaacha kuuliza.

Taimur, shemeji yangu, ndugu yake Ghadeer, akaona dawa yangu ni kunitia kwenye kundi la WhatsApp la kina baba. Taimur ana watoto wanne na wallahi hajapata kubadilisha nepi hata moja, lakini kwa nasaha hana mpinzani. Kundi zima liko hivyo. Kuanzia alfajiri simu inalia, baba fanya hivi, baba usifanye vile. Mmoja alitwambia baba azungumze na mtoto wake kila siku, amweleze kazi yake, ili akili ifunguke. Nikamweleza Mazoon. Nilimpakata nikamfahamisha tafauti ya gari la giaboksi ya mkono na la otomatiki, na namna ya kulipa kwa awamu kwa miaka mitano. Alinisikiliza kwa makini mpaka nilipofika kwenye bima, akanitapikia.

Mwengine akaleta kuwa mtoto hunusa khofu ya baba yake, na akishainusa hatulii kwake maisha. Hilo lilinikosesha raha kabisa. Nikawa kabla ya kumbeba najifukiza udi, najipaka uturi shingoni na mikononi, khofu isipate pa kutokea. Mtoto akapiga chafya siku nzima, na mamamkwe, Bi Sayyida, akauliza kama nna posa pahala. Tena wakasema baba wa kisasa ambebe mtoto kifuani kwa mbeleko. Nikaivaa juu ya kanzu, na kofia kichwani, nikashuka dukani kununua mkate. Wazee wanaokaa pale nje waligeuka wote kwa pamoja kunitazama. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama mama mtoto yuhai.

Nnakuchekesha, dada, kwa sababu nnaogopa kufika nnapokwenda.

Likizo ya Ghadeer ilipokwisha alirudi kazini kwake maabara, na kazi zao ni za zamu. Akipata zamu ya mchana, mimi natoka dukani kwetu Wattaya kabla ya adhuhuri, namchukua Mazoon hapa nyumbani, nampeleka kwa bibi yake Al Khuwair, halafu narudi kuuza magari yangu. Si kazi ngumu. Lakini wiki hiyohiyo mtu akaleta kundini kisa cha baba, sijui wa nchi gani, aliyemsahau mtoto ndani ya gari juani. Kisa kilisema hakuwa baba mbaya. Alikuwa na mambo mengi tu kichwani. Maneno hayo ndiyo yaliyonimaliza, maana baba mbaya ningejua namna ya kujihadhari nisiwe yeye.

Chini ya kisa palikuwa na nasaha. Weka kiti cha nyuma, pembeni ya mtoto, kitu ambacho huwezi kwenda popote bila ya hicho. Kwa mfano kiatu chako cha kushoto. Dada, katika nasaha zote za kundi lile, hii peke yake ndiyo niliyoiona ina akili. Basi tangu siku ile nikimbeba Mazoon garini, kubadhi langu la kushoto linakaa nyuma pamoja naye, na mimi naendesha mguu mmoja mtupu. Kijana wa kituo cha petroli aliniuliza kama nimeumia. Bi Sayyida alikuwa akiniona narukaruka juani kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, mwisho akamwambia Ghadeer kuwa mumewe ni mtu mzuri lakini labda asomewe kidogo. Sikujali. Wacheke, madhali naona unyayo wangu uko mtupu najua nna mtoto.

Sasa tuje kwenye hizi bandeji. Uliponipigia wiki iliyopita na Ghadeer akakwambia nimeungua nyayo, nilikwambia kuwa makubadhi yangu yamechukuliwa msikitini na ikabidi niende garini miguu mitupu juu ya lami. Ulicheka sana. Kila mtu amecheka. Meneja wangu kaniruhusu niuze magari nimekaa kitini kama sultani.

Hakuna mtu aliyechukua makubadhi yangu, dada. Na wewe ndiye ungenishika, kama ungelikumbuka. Iddi ile nilipoibiwa viatu vipya nikarudi nyumbani nalia, wewe uliniambia kiatu kizuri hakiendi msikitini. Tangu hapo sijapata kwenda na kizuri. Chini ya kiti cha gari langu kuna kandambili za bluu, kazi yake hiyo moja tu, na mguu wangu unazijua bila ya mimi kuziangalia.

Siku ile Mazoon alikuwa kalala nyuma, kimya. Kubadhi langu liko pembeni yake kama kawaida. Mimi kichwani nna mteja aliyetaka kuvunja mkataba. Kufika Wattaya, njiani kwenda kwa bibi yake, nikasikia adhana, na usukani ukakata wenyewe kuelekea msikiti ninaosali kila siku ya kazi. Nikasimamisha gari. Mguu wa kushoto ukahisi uko mtupu, na badala ya kuniuliza kwa nini, ukateremka chini ya kiti ukavaa kandambili. Nikavua na la kulia nikalisukuma huko chini. Udhu nilikuwa nao. Nikafunga mlango, nikaingia, nikasali.

Nilisali vizuri, dada. Hilo linanitesa. Sikuwa na wasiwasi wowote, nilisali kwa utulivu ambao sijaupata tangu mtoto azaliwe.

Imamu alipotoa salamu nikageuza uso kuliani, na begani mwangu nikanusa maziwa. Maziwa yaliyochachuka, alipocheulia nilipokuwa nampigapiga mgongo kabla ya kutoka. Salamu ya kushoto sikuitoa. Nilipita katikati ya watu waliokaa, nikamkanyaga mzee mmoja mkono, nikatoka bila kandambili, nikakimbia uwanja wote wa magari. Nyayo hazikuuma hata kidogo wakati ule.

Alikuwa mwekundu. Nywele zimemganda kichwani, mdomo wazi, analia na sauti haitoki. Kubadhi langu limeangukia mapajani mwake. Chuma cha mkanda kiliniunguza vidole na vidole havikutaka kunisikia. Nilimkimbiza kwenye mabomba ya kutawadhia, na wewe umeshakuja huku wakati wa joto, unajua maji ya bomba adhuhuri yanavyotoka, kama ya chai. Mtu mmoja, simjui, alivua kilemba chake akakitia kwenye maji baridi ya kunywa ya sabili, akanisaidia kumfunika. Alikuwa akisema tu ya Latif, ya Latif, mpaka sauti ya mtoto ikarudi. Sijapata kusikia kitu kizuri kama kile kilio, na sitaki kukisikia tena mpaka nife.

Daktari alimpima, akasema tumewahi. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia kipoza hewa cha gari kimeharibika. Ghadeer nikamwambia ya makubadhi, na kwamba mtoto ana joto kidogo kwa ajili ya jua la njiani. Akanifunga nyayo mwenyewe, akanipuliza kila kidole, akiniambia pole. Tangu siku ile Taimur ndiye anayempeleka Mazoon, kwa ajili ya miguu yangu, na mimi kila nikisikia gari lake linaondoka nasema alhamdulillahi, si mimi.

Lakini Jumapili bandeji zinatoka, na zamu ya Ghadeer ni ya mchana.

Kwa hivyo barua hii sitaifunga. Leo akirudi kutoka kazini nitamwekea mezani aisome yeye kabla yako, kwa sababu kwa mdomo nimejaribu na siwezi. Nnaogopa, dada. Anaweza kusema nisimbebe tena mtoto wake.

Akinikubalia, nna ombi moja kwako. Kundi la kina baba nimetoka. Kiatu hakikunisaidia, mguu wangu una mazoea yake. Lakini wewe sijapata kukuzoea hata siku moja, ukiniita bado nashtuka. Siku nitakazokuambia, ikifika saa tano na nusu kwenu, sita na nusu huku, nipigie. Usinisalimie. Usiniulize hali, wala kazi, wala joto. Niulize Mazoon yuko wapi, basi. Nisipopokea, piga tena. Nikichelewa kukujibu, nigombeze kama ulivyokuwa ukinigombeza zamani, mbele ya watu.

Salamu zote tutazihamishia Ijumaa. Mpe mkono shemeji, umwambie chumvi aache. Wasalimie majirani wa juu na wa chini. Tuombee.

Mdogo wako,
Jaifar

Da Kheiria, ni mimi Ghadeer. Nimeisoma yote. Bado sijasema naye neno, yuko jikoni anaosha chupa za mtoto ambazo nimeshaziosha. Jumapili Mazoon atampeleka yeye. Ukishamuuliza, nipigie na mimi uniambie kakujibu nini.