Meza ya Reli Haipiti Mlangoni

Kota za Reli, Dodoma
5 Oktoba 1997

Mwanangu Devota,

Mbukwa, mwanangu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mume wako Charles. Sisi huku hatujambo. Goti la mama yako linasumbua kidogo, na mkono wangu wa kulia uko vilevile, tangu kile kiharusi hautaki kushika kitu. Mwandiko huu ni wa kushoto, utanisamehe.

Sisi tuliopunguzwa kazini tumeambiwa tuhame kota kabla ya Krismasi. Tutakwenda Mlali, kwenye nyumba ya marehemu babu yako. Hilo nimelikubali. Kinachoninyima raha ni reli yetu ndogo ya mfano, ile ya mezani. Meza tuliijengea humo humo chumbani, wewe ukiwa sekondari, kila likizo tukiongeza kipande, mpaka ikatoka Gulwe ikafika Dodoma. Juzi nilimwita Bashiri seremala. Akapima meza, akapima mlango, akasema haitoki. Ushauri wake ni shoka.

Nilimwambia binti yangu anajua tulipoiunga. Njoo mwisho wa wiki mmoja tu, tuikate vipande. Mimi nitaelekeza, wewe utashika msumeno.

Baba yako,
Meshack


Morogoro
19 Oktoba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo na kwa mama, na pole yake na goti. Mimi sijambo. Charles yuko safarini na lori lake, Zambia.

Barua yako niliisoma shuleni wakati wa mapumziko, nikarudi darasani nikawapa wanafunzi kazi ya kuandika. Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Nitapanda basi Ijumaa nikitoka kazini. Jumamosi asubuhi tutaondoa nyumba za makopo, tangi la maji na ile miti ya katani. Mchana tung'oe reli na nyaya. Jumapili tukitoka kanisani ndipo tukate, mara moja pale stesheni ya Kikombo na mara moja pale ya Igandu, kwa sababu huko chini ya mchanga kuna skrubu, sio gundi. Bashiri asiguse kitu mpaka nifike.

Pia nina neno la kumwambia mama, ila nataka nimwambie ana kwa ana.

Mwanao,
Devota


Kota za Reli, Dodoma
9 Novemba 1997

Mwanangu Devota,

Salamu nyingi. Je, u mzima? Sisi tunaendelea.

Ijumaa ile tulikungoja, na Jumamosi pia. Mama yako alikuwa amechinja jogoo. Nilipoona jua limepanda nikaanza mwenyewe, nikaondoa nyumba moja moja kwa mkono wa kushoto na kuzipanga kitandani. Tangi liliniponyoka likabonyea. Jumapili baada ya ibada nilikaa barazani, kila basi likipiga honi huko barabarani nanyanyuka.

Kama ni kazi imekuzuia, sema tu, baba hana kinyongo. Chagua mwisho wa wiki mwingine wowote. Mama yako tangu siku ile anauliza kila mara kama mtu wa posta amepita.

Baba yako


Hospitalini, Morogoro
16 Novemba 1997

Baba na mama,

Shikamooni. Nisameheni kwa kuwaweka roho juu. Naandika nimelala.

Nina mimba ya miezi minne. Hilo ndilo neno nililotaka kumwambia mama. Siku moja kabla ya safari niliona damu. Begi lilikuwa limeshafungwa, msumeno wa kuazima nimeuzungushia kanga. Daktari ameniambia, "Ukitaka huyu mtoto, usishuke kitandani." Hata maji naletewa. Charles bado hajui, lori liko njiani na sina namna ya kumpata.

Baba, naomba mama aje. Najua nikimchukua nakuacha peke yako na kota, na mizigo, na meza. Nimelifikiria hili sana na sikuona njia nyingine. Sina mtu.

Mwanenu,
Devota


Mlali
28 Desemba 1997

Mwanangu,

Pole na kulala. Nimefurahi kusikia mama yako alifika salama na damu imepungua. Mimi nimeshahamia huku, sijambo. Huyu ndugu yetu Sila ananipikia.

Nikueleze habari ya meza ili usiisikie kwa mwingine. Nilijaribu kukata mwenyewe. Msumeno ulipoingia pale Kikombo, mlima wa plasta ukapasuka hadi Igandu, nikaacha. Kesho yake akaja aliyepewa nyumba, karani mmoja anaitwa Batholomeo, na mkewe na watoto, kwenye pikapu. Mvua ilikuwa inanyesha. Aliniamkia vizuri, akasema, "Mzee, sisi hatuna haraka." Lakini magodoro yalikuwa yanalowa na watoto wanatetemeka barazani, na kile ndicho chumba chao.

Bashiri, niliyekuwa nimemwita na shoka lake, akanitazama. Nikamwambia, "Piga." Akaniomba nitoke nje kwanza, nami sikutoka.

Mbao ziliwachemshia uji wale watoto. Nami walinipa kikombe, nikanywa.

Usilie. Wewe lala kama daktari alivyosema.

Baba yako


Morogoro
26 Januari 1998

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo, anakusalimu. Habari ya meza nililia kidogo, nitakudanganya nikikataa.

Nimejifungua, baba. Wiki iliyopita, kabla ya wakati wake. Ni msichana. Ni mdogo mno, kiganja chako kingemtosha. Wamemweka kwenye sanduku la joto, mimi namwona kupitia kioo tu. Namsimamia mpaka miguu inavimba. Hakuna ninachoweza kumfanyia. Nimempa jina la bibi, Loisi.

Muuguzi amesema akifika Jumamosi hii bado anapumua vizuri, nitaruhusiwa kumshika. Nimeshapanga. Asubuhi nitaoga, mama atanisuka, nitavaa lile gauni la kitambaa laini lisimkwaruze. Mama anasema nisipange sana. Wewe niombee Jumamosi, baba. Asubuhi hiyo hasa.

Mwanao,
Devota


Mlali
11 Februari 1998

Mwanangu Devota,

Nakusalimu. Sijui niulize vipi hali yako.

Barua yako nimeipata jana. Mvua zimekata barabara ya huku, na Sila ndiye aliyeifuata posta Kongwa kwa miguu. Nilipoifungua, Jumamosi uliyonitajia ilikuwa imeshapita, na nyingine juu yake.

Nilianza kuandika pongezi, nikasimamisha kalamu. Nikaanza pole, nikaogopa. Siku ile yenyewe nilikuwa shambani na Sila, tunapalilia mtama, yaani anapalilia yeye, mimi namsimulia visa vya safari za kwenye treni. Tulicheka sana. Sikuomba chochote, mwanangu, sikujua. Leo nimeomba, sijui kama ya leo inahesabika.

Ningepanda basi. Sila anasema mto haupitiki, na mimi kwa mkono huu mmoja sifiki hata ng'ambo. Basi nakaa. Barua hii ataivusha kijana wa watu atakayeweza kuogelea.

Mwambie mama yako aniandikie, neno moja linatosha.

Nawasalimu wote mlioko hapo.

Babu yake Loisi