Tulitia Sahihi kwa Majina ya Mwaka 1798

Mpendwa Bi Lovina,

Naomba unisaidie kama unavyowashauri wasomaji wako wengine, lakini kabla ya msaada niache kwanza nishukuru, maana nimeolewa wiki saba zilizopita (au nadhani nimeolewa, na hapo ndipo penye tatizo) na tangu nizaliwe sijawahi kuwa na furaha kama hii, hata dada yangu anasema nimekuwa kero, kila nikifungua mdomo ni Wendell, Wendell, Wendell.

Wendell ndiye mume wangu. Ni fundi bati kwenye kijiji cha makumbusho hapa kwetu Pennsylvania, kile ambacho wafanyakazi wote huvaa, huongea na hupika kana kwamba ni mwaka 1798, na nilikutana naye miaka miwili iliyopita nilipokwenda na dada yangu kuangalia maonyesho ya blanketi za viraka, zile za bibi zetu zenye nyota katikati. Nilimkuta amekaa mlangoni mwa karakana yake anagonga bati, nikamuuliza choo kiko wapi, akavua kofia kwa adabu zote.

"Choo cha kuvuta maji? Bibie, hayo mambo siyajui. Nyuma ya ghala kuna kibanda, ila piga hodi kwanza, kuna kuku hupenda kutagia humo."

"Kaka, acha utani, nimebanwa!"

"Basi usisimame hapa kuongea na mafundi."

Nilipotoka huko (kulikuwa na choo cha kawaida, na kibao kikubwa tu) akanipa kikatio cha biskuti alichokuwa amekimaliza sasa hivi, umbo la ndege, bado kina joto la kulehemu, akasema ni fidia ya usumbufu, na Bi Lovina, nilikaa na yule ndege mkononi njia nzima ya kurudi nyumbani.

Basi nikaanza kwenda kila Jumamosi, mwisho nikajitolea kufanya kazi pale, nikapewa gauni, kofia ya kitambaa na jina. Mimi ni Salome Huber, binti wa mwokaji mikate. Wendell ni Jost Ritter. Na kanuni ya kijiji ni moja: kabla ya kengele ya saa kumi na moja jioni hakuna anayetoka kwenye mwaka 1798, umeteleza ukasema neno la leo, unaosha masufuria yote ya jikoni kwa mchanga. Mimi nimeyaosha mara nne, mara moja kwa sababu tu nilisema "simu". Sasa hivi hata mtu akiniita Adeline nikiwa na ile kofia sigeuki, na nafikiri unaanza kuona mambo yanakoelekea.

Mwezi wa tano kila mwaka kijiji hufanya harusi ya kale mbele ya wageni, na safari hii mkuu wetu alituruhusu iwe harusi yetu ya kweli. Tulichukua kile kibali cha ndoa kisichohitaji mchungaji, ambacho maharusi na mashahidi wawili hutia sahihi wenyewe, na Shangazi Hulda, shangazi yake Wendell ambaye huchora vyeti vya ndoa kwa mtindo wa wazee wetu, alituchorea cha kuweka ukutani, kina maua mekundu ya tulipu na ndege wawili wa njano na majina yetu ya kweli na tarehe. Ni kizuri mpaka nilikilowesha kwa machozi pembeni kidogo.

Mama mkwe wangu, Bi Verna, alikuja na nguo zake za kawaida, kofia akaikataa, akaweka pai yake ya molasi, ile asali nyeusi ya miwa, mezani kisha akasema watu wote wakisikia, "Wendell, una miaka thelathini na moja na bado unavaa suruali ya magotini. Na wewe binti, nilitegemea utamtoa humu, kumbe umeingia mwenyewe. Ndoa si maigizo, jamani."

Baada ya hapo tukaenda fungate, na wengine huenda ufukweni lakini sisi tulizunguka makumbusho ya kale kumi na moja kwa siku kumi na nne, mpaka Massachusetts na kurudi, tukaona bata wa kuchonga ambao wawindaji huvutia nao bata wa kweli, jogoo wa shaba wa kuonyesha upepo, picha za watoto zilizochorwa na wachoraji wa kupita nyumba kwa nyumba, vidole vyao kama mikate midogo, na kila chumba Wendell alinishika mkono akaninong'oneza kitu kile kilitengenezwa vipi, nikawa nawaza, Mungu wangu, nimefanya nini mpaka nikapewa mtu huyu?

Tuliporudi nikakuta barua ya ofisi ya kaunti. Kibali chetu hakikubaliwi. Kilitiwa sahihi na Jost Ritter na Salome Huber, mashahidi wakiwa Mzee Gottlieb mshona viatu na Mama Apollonia wa jikoni, watu ambao kwa kaunti hawapo. Bi Lovina, sote wanne! Kengele ilikuwa haijalia, kalamu ilikuwa ya unyoya wa bata, wageni wanatutazama, mkono ukaenda wenyewe. Wendell akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha na kuituma bila kuisoma.

Sijamwambia. Barua nimeificha ndani ya birika la kahawa la bati alilonitengenezea, lile jeusi lenye maua mekundu, kwa sababu ni pambo hatulitumii, na kila asubuhi ananisalimia, "Habari za asubuhi, mke wangu wa halali," nami naitikia "Njema" huku naliangalia lile birika. Jana alisema tupike kahawa humo. Nilipiga kelele mpaka akadhani nimeona panya.

Na si hilo tu. Makumbusho wameomba cheti chetu cha kuchorwa kitundikwe kwenye maonyesho ya sanaa za jadi, yanafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga maonyesho yoyote ya mwanawe, alinipigia akasema, "Nitakuja. Nimenunua gauni. Uniwekee nafasi karibu yako, binti yangu." Binti yangu! Ni mara ya kwanza. Niliweka simu chini nikalia kwa furaha, kisha nikakumbuka kwamba atasimama mbele ya cheti chenye tarehe ambayo hatukuoana, na aliyosema mbele ya ile pai yatakuwa kweli, na hataniita hivyo tena.

Je, ninyamaze mpaka maonyesho yaishe, ndipo tufunge upya kimya kimya? Sitaki kumvunja moyo Wendell. Nimepewa mengi mno, naogopa kuyaangusha.

Ni mimi,
Adeline, mke (nadhani) wa fundi bati

*

Adeline binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka mpaka nikavua miwani, ya pili nikiwa nimekasirika kidogo. Hongera, kwanza. Mwanamke anayeshukuru kiasi hiki baada ya wiki saba ana mtaji mzuri. Sasa kaa chini nikuambie.

Kosa la kalamu si aibu. Mlikuwa wanne na wote mmekosea, na naapa kwamba Mzee Gottlieb atalisimulia mpaka afe. Lakini kuficha barua ndani ya birika, hilo si la Salome Huber. Hilo ni la kwako. Mumeo anaamka kila siku anakusalimia kwa neno analolifurahia, nawe unamwacha aliseme peke yake. Unaogopa kumvunja moyo? Siku atakapoinua kifuniko mwenyewe akakuta umelijua hili kwa wiki kadhaa, ndipo atakapovunjika. Mama mkwe wako alisema ndoa si maigizo. Ulipotia sahihi hukuwa unaigiza, ulikuwa umesahau tu. Unaigiza sasa, kila asubuhi, mezani.

Kwa hiyo leo, akirudi kazini, kabla hajavua buti, mpe birika mkononi na umwambie afungue. Usitangulize hotuba. Mtu anayempeleka mgeni kwenye kibanda cha kuku badala ya choo anajua kucheka, mwache acheke.

Kesho yake nendeni ofisi ya kaunti pamoja, mkaombe kibali kingine. Vaeni nguo zenu za siku hizi, si za mwaka 1798. Siku ya kutia sahihi iwe kabla ya hiyo Jumamosi, na shahidi wa kwanza awe Bi Verna. Ndiyo, yeye. Mpigie mwenyewe, usimtume Wendell, na umweleze yote bila kupunguza. Atakusema. Atakusema labda mpaka Krismasi. Lakini mama aliyenunua gauni ili asimame karibu yako hatalirudisha dukani kwa sababu ya karatasi, na ukimwomba ashike kalamu ya ndoa ya mwanawe, nakuambia atafika kabla yenu.

Cheti kisitolewe kwenye maonyesho. Bibi yangu alikuwa na cha namna hiyo sebuleni, mchoraji alikosea tarehe ya kuzaliwa ya baba yangu, akachora tulipu juu ya kosa na kuandika tarehe ya kweli chini yake. Tulipu hiyo ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, kila mgeni alionyeshwa. Mwombe Shangazi Hulda aongeze tarehe ya pili na ua moja. Usimruhusu afute ya kwanza. Siku ile mlikubaliana mbele ya watu na mbele ya pai, nayo pia ilitokea.

Halafu acha kuogopa kuangusha ulichopewa. Umepewa ukitumie. Anza na lile birika: barua ikishatoka, lioshe, upike kahawa humo, na kikombe cha kwanza mpe mama mkwe wako.

Na utakapofika kwenye mstari wa sahihi, angalia kwanza kama kofia ya kitambaa haipo kichwani. Omba kalamu ya kawaida. Pumua. Kisha andika Adeline.

Bi Lovina