Salamu Kwanza, Halafu Dawa

Lumbasi, ndugu yangu,

Assalamu alaikum. Ungekuwepo ungenitania kwamba mtu wa Mumias hawezi hata kukohoa kabla ya kutoa salamu, wakati wewe ndiye uliyezilazimisha kompyuta zisalimiane. Kuna jambo nililolifanya jana nyumbani kwenu Malinya, na sina mwingine wa kumweleza akalielewa.

Nimeizima mashine yako.

Usikasirike, nisikilize kwanza. Tangu pikipiki ile ikuangushe kwenye mvua, tukakuzika kando ya migomba ya mama yako, pale ofisini mjini kumebaki meza yako na kikombe chako ambacho hakuna anayekigusa. Watu wameacha kukutaja mbele yangu. Lakini mashine yako, ile kompyuta uliyoiweka chumbani kwako ikitumia sola kwa sababu stima ya mjini hukuiamini hata kidogo, haikuwa na habari kwamba umekufa. Zahanati ziliendelea kuiuliza kama dawa fulani ipo kwenye stoo ya mjini, nayo ikaendelea kuzijibu, ipo, haipo, ili mama mwenye mtoto mgonjwa asipande boda hadi Kakamega bure.

Na ule ubishi wako! Ombi lisiloanza na salamu, mashine ililirudisha na maneno mawili tu: "Salimia kwanza." Wale vijana wa chuo waliokuja kuunganisha programu yao walihangaika asubuhi nzima wakidhani mtandao umeharibika. Wewe ukawaacha, ukaenda kuchemsha chai. Uliporudi ukawauliza, "Kwani kwenu mtu huingianga tu jikoni kwa watu na kuombanga chumvi?" Nilicheka hadi nikamwaga chai yangu. Bosi alikuomba uiondoe sheria hiyo, ukakataa katakata.

Mimi ukanitengea jibu langu peke yangu. Wengine wote walijibiwa kwa salamu ya kwenu, "Mulembe. Sema." Mimi nikituma salamu ya kwetu, mashine ilinijibu, "Waalaikum salaam, Zai. Sema." Hukuniambia kitu. Nilikutana nalo siku moja kwenye skrini, nikageuka kukuangalia, nawe ukajifanya unatafuta kalamu.

Tangu ufe nimekuwa nikituma salamu hiyo kila asubuhi kabla ya kugusa kazi yoyote. Hakuna dawa niliyokuwa naitafuta. Nilitaka tu kuliona jina langu jinsi ulivyoliandika. Nimekukosa, Lumbasi. Nimekukosa vibaya, na sijui namna nyingine ya kulisema.

Kisha majibu yakaanza kuchelewa. Mashine imezeeka, inachemka, inajizima na kujiwasha. Mwuguzi wa zahanati moja ya Khwisero akanipigia simu akiwa amewaka. Mbele yake alikuwa na mtoto wa pumu anayehema kwa shida, naye mwuguzi alikuwa ameuliza kama ile dawa ya kuvuta ipo. "Dada, hii kitu inaniambianga tu haijajibiwa. Sasa mimi nifanye nini?" Ikabidi nikimbie stoo kwa miguu, niulize, nimpigie. Mtoto akapata nafuu, alhamdulillahi.

Lakini neno lile, "haijajibiwa", lilikuwa lako. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba programu ikituma ombi, iwekewe kikomo cha kusubiri. Kikomo kikipita isibuni jibu. Iseme wazi kwamba haijajibiwa, ili mtu ainuke akatafute msaada kwingine.

Basi nikaja Malinya. Mama yako nilimkuta ameketi mlangoni mwa chumba chako akichambua maharagwe. Kumbe kila siku huifuta mashine vumbi kwa leso yake. "Hii taa ya kijani ikiwakanga," akaniambia, "najua mtoto wangu bado anaongea na watu. Sasa wewe unataka anyamaze?" Nikakaa chini karibu naye, nikamweleza habari za mtoto wa Khwisero. Akachambua maharagwe yake hadi akayamaliza. Mwishowe akasema, "Basi zima. Lakini usizime kama mwizi. Muage."

Nikaketi kitandani kwako, nikafungua laptopu, nikatuma salamu. Jibu lilikawia hata nikadhani mashine imekwisha. Halafu likaja: "Waalaikum salaam, Zai. Sema."

"Amesema nini?" mama akauliza. Nikamsomea.

"Basi sema."

Ningesema nini, Lumbasi? Mashine ile inajua majina ya dawa tu. Niliweka vidole kwenye herufi, machozi yakanitoka, na mama akalia nami. Kisha nikazima. Taa ya kijani ilikaa kidogo, ikapotea.

Kazi yako yote sasa iko kwenye mashine mpya pale mjini, na majibu yanatoka upesi. "Salimia kwanza" nimeihamisha pia, wanichukie wakitaka. Lile jibu langu sikulihamisha. Ni mstari mmoja tu, ningeweza. Lakini ningekuwa najijibu mwenyewe kila asubuhi na kujidanganya kwamba ni wewe.

Leo asubuhi mkono ulienda wenyewe kwenye ile salamu. Nikauzuia, nikachukua simu, nikapiga Malinya. "Mulembe, mama," nikasema.

"Mulembe, mwanangu," akanijibu papo hapo. "Haya, sema."

Nikasema. Tuliongea habari za mvua, za maharagwe, na zako.

Nakuahidi nitampigia kila asubuhi. Na siku nikipiga asijibu, sitakaa nikiitazama simu. Nitainuka, nije Malinya mwenyewe, nipige hodi mlangoni.

Lala salama, ndugu yangu.

Zai