Suruali Zilizonyooka Mno

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima na goti limepoa. Mimi sijambo, ila nimekonda. Ukiniona utaanza kunisema kabla hujaitikia salamu. Anayekuletea barua ni mkunga, kwani siku hizi ni wakunga tu ambao bangili zao za ruhusa hazipigi kelele wakivuka mtaa. Mwamini.

Unajua Serikali ya Ulinzi ilivyotufukuza makazini, wanawake tukaachiwa kufua sare za kambi. Usichojua ni kwamba nyuma ya mapipa ya sabuni tulificha bunduki, tukajifunza kuzitumia huku mashine zikinguruma. Kiongozi wetu tunamwita Mama Pasi. Alisema amechoka kufua damu za watoto wetu, na hakuna aliyembishia.

Juzi alasiri tulivaa sare hizo, tukajipanga kama askari wanaorudi kutoka doria, tukaliendea lango la gereza walikofungwa wenzetu. Kwa sare, nani atatuweza? Kumbe hapo ndipo tulipojikwaa. Mkono wa dobi hauwezi kuacha makunyanzi, Mama. Tulikuwa tumezipiga pasi zote. Askari gani anarudi doria suruali imenyooka kama rula? Mlinzi wa lango alinitazama miguuni, akapandisha macho taratibu hadi usoni.

Alikuwa kitindamimba wako. Hatukujua kwamba amehamishiwa pale. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye king'ora.

Hili ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa watu. Nilimlenga mdogo wangu kifuani, nikavuta triga. Risasi ilikwama. Alisikia triga ilivyolia bure, nami niliona kwamba amesikia. Akaondoa mkono kwenye king'ora. "Dada, piteni," akasema, akafungua lango.

Tuliwatoa wenzetu wote. Yeye tuko naye huku, anakula, anataniana na kila mtu, ila mimi hanitazami. Nataka kumwomba radhi nashindwa, maana ningerudishwa pale langoni, wenzetu wakiwa bado ndani, ningevuta tena. Naumia sana, Mama.

Sasa wameshajua nani alifungua, na watakuja kwako. Choma barua hii, usifungashe chochote, fuatana na mkunga leo hii. Majirani usiwaage, utawasalimia siku tukirudi.

Ukifika, mkumbatie yeye kwanza. Mimi nitangoja.

Ni mimi,
Mwanao wa kwanza